Mkate wa Namba Saba

Siku ya Sham el-Nesim, Kairo nzima hutoka nje na samaki wake. Samaki mwenyewe ni fesikh, aliyelazwa kwenye chumvi mpaka akasahau maji, na harufu yake ikikuingia nguoni utafua mpaka Idi. Sikukuu ya kunusa upepo, ndivyo wanavyoiita. Mwaka ule, aliyenusa upepo ndani ya Bustani ya Wanyama ya Zamurad, pale Shubra, alinusa vitunguu, mayai ya rangi, watoto waliojikojolea, na simba mmoja mzee ambaye katika wote hao ndiye aliyenukia vizuri.

Watu walikuwa wametandika mablanketi hadi mlangoni kwa nyani. Na katikati ya furaha hiyo, ndani ya uzio wa swala wa jangwani, mwanamke aliyevaa gauni la gunia alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko na kuwafukuza swala huku na huku kama mama wa kambo.

"Dada, hao wamekukosea nini?"

Rawya hakugeuka. Ndani ya uzio ule hakufungua mdomo hata siku moja. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza. Aliwafukuza mpaka wa mwisho akajificha nyuma ya mawe, kisha akatoka kwa mlango mdogo, akafunga kufuli, akalivua gunia. Chini yake alikuwa na blauzi ya rangi ya haradali, na ushungi wa rangi ya komamanga uliofungwa na mtu anayejua uso wake unataka nini. Aliyeuliza alimeza mate. Alikuwa mwanamume mwembamba, mrefu, shati limepigwa pasi likasimama kama kibao, mkononi nusu ya mkate wa baladi.

"Haya, sasa sema," Rawya alimwambia.

"Nimeuliza wamekukosea nini."

"Wameanza kunizoea."

"Hilo nalo ni kosa?"

"Kwao, ndiyo. Na huo mkate uuondoe hapo kwenye waya."

Mwanamume akautazama mkate, akaubusu, akaugusisha kipaji cha uso. "Umebaki. Mkate hautupwi, bibi yangu alinifunza hivyo. Nikasema badala ya kuutupa, nipate thawabu kwa mnyama."

"Bibi yako amesema kweli. Ule mwenyewe."

"Nimeshiba."

"Basi mpe bata. Bata hana safari."

"Swala wana safari?"

Hapo Rawya akaegemea uzio. Akamweleza kwamba mama zao hawa walikamatwa ndani ya maboksi kwenye soko la Ijumaa, miguu imefungwa kamba. Kule jangwani magharibi wenye magari na bunduki walikuwa wamewafyeka mpaka mtu husafiri siku tatu asione hata kinyesi. Hawa waliozaliwa hapa wangerudishwa kule majira ya baridi, majike sita, penye walinzi na maji.

"Swala asiyemwogopa binadamu hamalizi mwezi jangwani," alisema. "Kwa hiyo hawana majina, wana namba. Hatusemi nao, tunavaa gunia wasijue umbo letu, hatuwalishi kwa mkono, majani yanaingia kwa bomba. Na kila Alhamisi na kila sikukuu nawapigia sufuria."

"Yaani unawapenda kwa kuwatisha."

"Umeelewa haraka. Wengine huniita mchawi kwanza."

Umm Sabri, muuza dengu na maharage ya chumvi, alikuwa ameketi hapo pembeni na kigari chake, masikio yote mawili yapo kazini. "Mwalimu," alisema, maana alimjua, "huyu binti ana miaka sita na sufuria. Wachumba watatu wamekimbia hatua hamsini bila kugeuka."

"Umm Sabri, Mungu akuhifadhie meno," Rawya alisema.

"Yamebaki manne, mwanangu, nayatumia kwa hekima."

Mwanamume akacheka. Akasema jina lake ni Wagdi, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi iliyo nyuma ya bustani, ile ambayo ua wake umepakana na uzio wa swala. Kisha, akiwa amesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, akaula mkate wote mkavu, bila maji, akimtazama Rawya.

Mapenzi huanza hivyo. Mtu mzima anakula asichokitaka ili aonekane.

*

Kiangazi kile simu ya Rawya haikupoa.

"Habari za jioni, mpiga ngoma. Leo umemfukuza nani?"

"Namba Tatu, Namba Saba, na mwalimu mmoja wa sayansi."

"Mwalimu hajakimbia."

"Ndio ugonjwa wake."

"Daktari wake yuko wapi, swala wangu?"

"Swala wako ndani ya uzio, Wagdi. Mimi ni mtu, nina vidonda vya miguu na mama anayeuliza."

"Anauliza nini?"

"Anauliza huyu anayekuchekesha saa nzima kwenye simu atakuja kunywa chai lini."

Kila Jumatano, hata likizoni, Wagdi alileta darasa. Na hapa asinyimwe haki yake: alikuwa mwalimu haswa. Watoto wa Shubra, waliokuwa wakiwajua wanyama kwenye sahani tu, aliwafanya wakae kimya robo saa wakihesabu mara ngapi swala anainua kichwa. Siku moja aliomba avae gunia, aingie na Rawya, asimame bila kusema. Alisimama saa nzima, jasho likimtiririka mgongoni, nzi puani. Alipotoka alimwondolea Rawya jani kwenye mkono wa blauzi, kwa ncha ya vidole viwili, akasema, "Ukimya wako nimeuelewa." Mwanamke mwenye miaka ishirini na tisa, akishaambiwa hivyo, atafanya nini? Alikwenda nyumbani akaunguza bamia.

Ila kuna jambo ambalo Rawya hakulijua. Shule ikifunguliwa, watoto huja na mikate, na kila siku mikate hubaki, na mkate hautupwi.

Siku moja ya mwezi wa kumi Wagdi alimwita upande wa shule, saa ya mapumziko. Alivaa suti ya kahawia, tai nyekundu, nywele ameziweka mafuta mpaka nzi angeteleza. Darasa zima lilipangwa kwa mistari, simu nne juu zikipiga picha. Wagdi akaenda kwenye waya, akapiga mluzi mdogo.

"Sukari," aliita. "Njoo, Sukari."

Namba Saba akatokea nyuma ya mawe. Jike zuri kuliko wote, macho yamepakwa wanja na Mungu mwenyewe. Alikuja akitembea, hana haraka, mkia unacheza, mpaka kwenye mkono wa Wagdi. Shingoni alikuwa na utepe wa kijani, na kwenye utepe pete.

"Rawya," Wagdi alisema, "nikubalie nije kwenu na wazee wangu tusome Fatiha ya uchumba."

Watoto wakashangilia, mwalimu wa dini akapiga kigelegele ambacho hakuna aliyekitegemea kwake. Na moyo wa Rawya, usimsingizie, ulipiga kigelegele kwanza. Kisha aliuona mdomo wa Namba Saba ukichukua mkate kwenye kiganja cha Wagdi, taratibu, kama mtoto wa nyumbani.

Macho ya watu thelathini na kitu yalikuwa juu yake. Na alikuwa akimpenda.

"Nimekubali," alisema.

Alimsogelea Wagdi, akamnong'oneza huku akitabasamu kwa ajili ya simu: "Tangu lini?"

"Mwezi mzima, mpenzi. Kila asubuhi kabla ya kengele. Umeona alivyo mwerevu?"

*

Jioni Rawya ndiye aliyepiga simu.

"Ule uso wako mbona ulibadilika?" Wagdi aliuliza kabla ya salamu. "Pete hukuipenda?"

"Pete nzuri. Wagdi, umemharibu."

"Nani?"

"Namba Saba."

"Sukari? Roho yangu, amekula mkate tu, hakula sumu."

"Kule aendako ni kitu kimoja."

Wagdi akasema kwa unyonge, "Nilitaka kitu unachokipenda wewe kiwe ndani ya siku yetu. Sikufikiri. Nitaacha kesho. Wewe mpigie sufuria, atasahau. Wanyama husahau."

"Na asiposahau?"

"Usinitishe kama swala, Rawya. Mimi nimeshaamua kukuzoea."

Angefanya nini? Sheria ilikuwa nyepesi kama kisu. Swala aliyezoea watu anafutwa kwenye orodha, anabaki uzioni maisha yake yote, na anayeandika orodha ni mtunzaji wake. Lakini Daktari Lutfi, mkuu wa idara ya swala hao, mzee wa miwani mbili, moja puani na moja kichwani anayoitafuta kila siku, angeuliza: amemzoeza nani? Shule ingepigwa marufuku bustanini. Wagdi angeitwa wizarani. Na Fatiha ilikuwa isomwe Ijumaa, mama ameshaagiza bata.

Fatiha ikasomwa. Wagdi akaacha mkate, na kweli aliacha. Rawya akamwandama Namba Saba kwa sufuria, si Alhamisi tu bali kila siku, mpaka mwiko ukavunjika, mpaka Umm Sabri akamwambia, "Mwanangu, unampiga sufuria yeye au unajipiga mwenyewe?" Swala alijifunza kukimbia. Rawya alijipa moyo.

Mtihani hufanywa wiki moja kabla ya safari. Mtunzaji anavaa nguo za kawaida, anaingia uwanja mrefu wa nyuma mikono mitupu, anamwendea mnyama. Mnyama anatakiwa akimbie hatua hamsini na asigeuke. Daktari Lutfi siku hiyo alikuwa na mafua, akabaki ofisini na chai ya mnanaa. Akamwachia Rawya kazi, kwa kuwa katika miaka sita karatasi ya Rawya haikuwahi kusema uongo.

Watano walitoka kama mishale. Akabaki Namba Saba. Naye alikimbia vizuri, mavumbi nyuma yake. Kumi. Ishirini. Thelathini. Kwenye thelathini na nane akasimama. Akageuza shingo ile nyembamba, masikio mbele, akamtazama Rawya kama mtu anayeuliza, umenisahau?

Rawya alisimama pale mpaka kalamu ikapata joto mkononi. Kisha akaandika: hatua hamsini, hakugeuka. Akatia sahihi.

Wagdi hakuambiwa. Jioni, aliposikia Namba Saba yumo kwenye safari, Wagdi alicheka kwenye simu kwa furaha. "Umeona? Ulinitia hofu bure, mboni yangu. Harusi tutafanya baada ya Ramadhani, nimeshaongea na fundi makochi."

"Makochi ya rangi gani?" Rawya aliuliza, maana lazima mtu aulize kitu.

*

Siku ya tisa baada ya swala kufunguliwa jangwani, Rawya alikuwa akichambua majani ya bersimu simu ilipolia. Alikuwa Abdelmawla, mfuata nyayo wa kule, mzee asiyepiga simu kwa kusalimia.

"Binti, Namba Saba amekufa."

Rawya akakaa juu ya majani. "Mbwa mwitu?"

"Ningefurahi. Watu wa gari, wamesimama kisimani kula chakula cha mchana. Mkanda wake wa shingoni, ule wa redio ya kumfuatilia, nimeuokota mchangani, umekatwa." Mzee akavuta pumzi. "Nimesoma nyayo mara mbili, nikadhani macho yangu yananidanganya. Watu hawakutoka walipoketi. Yeye ndiye aliyewaendea, kwa kutembea, binti, siyo kwa kukimbia. Alipowafikia kuna makombo ya mkate. Halafu kuna damu."

"Haki ya Mungu?"

"Nyayo hazijui kuapa. Miaka arobaini nafuata swala, sijaona anayekwenda kwa mtu kama mgeni aliyealikwa. Mlimfanya nini huko Kairo?"

Rawya akakata simu. Alivua aproni, akatoka kwa lango la nyuma, akaenda moja kwa moja hadi darasani kwa Wagdi. Watoto walikuwa wamekwenda kwenye mazoezi ya viungo. Yeye alikuwa akifuta ubao.

Alimwambia yote, tangu thelathini na nane hadi makombo.

Wagdi akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani. Ingekuwa siku nyingine wangecheka.

"Alisimama," alisema. "Ukaona amesimama."

"Niliona."

"Ukaandika hamsini."

"Niliandika."

"Kwa nini, Rawya?"

"Ili usiitwe wizarani. Ili mama asirudishe bata. Ili nikuoe, Wagdi, au unioe, sijui nani alikuwa anamwoa nani."

"Usiliweke kwangu."

"Mkate ulikuwa wa nani?"

"Wangu." Akainuka, dawati likaanguka nyuma yake. "Mkate wangu, nimekubali, ujinga wangu, nimekubali. Lakini mimi sikujua. Ungeniambia thelathini na nane, ningekwenda kwa Daktari Lutfi kwa miguu yangu, waniachishe kazi, na Sukari angekuwa pale nyuma ya waya sasa hivi anatafuna bersimu. Hukunipa nafasi ya kuwa mtu mzuri. Umenifanya muuaji huku nachagua rangi za makochi."

"Anaitwa Namba Saba."

"Ndiyo. Kwako yeye namba. Ndio maana uliweza kumwandika."

Lile lilimfika mahali ambapo sufuria haifiki. Rawya angeweza kumjibu. Ulimi alikuwa nao. Angemwambia kwamba asiye na jina alikuwa hai miezi yote, na alipopata jina hakumaliza majira ya baridi. Alilifikiria hilo, akaliona ni kweli, akaliona pia halitamfufua mtu. Akavua pete, akaiweka kwenye meza ya mwalimu kati ya chaki na rula, akaenda.

Kesho yake alimpelekea Daktari Lutfi karatasi mbili, ile ya uongo na ya ukweli. Mzee akavaa miwani zote mbili kuzisoma. Hakumfokea. Alisema tu, "Nilikuwa nakunywa chai," akarudia tena, "nilikuwa nakunywa chai," na Rawya akatamani amfokee.

Hawakumfukuza. Walimtoa kwa swala, wakampa fulana ya buluu na kazi ya kuongea na wageni. Mwanamke aliyenyamaza miaka sita, mshahara wake sasa ulikuwa maneno.

*

Alikuwa mzuri katika kazi hiyo, na hilo lilimuudhi. Kila darasa aliliweka mbele ya uzio na kulisimulia: tulipeleka sita, watano wanaishi, mmoja ameshazaa, wa sita aliuawa siku ya tisa kwa sababu alifundishwa mkate. Watoto waliuliza, nani alimfundisha? Alijibu kama kibao cha bustani kilivyoandikwa: mgeni asiyefuata sheria. Watoto wakatikisa vichwa, wakamlaani mgeni huyo, wakaenda kwenye bwawa la viboko.

Mwezi wa nne likaja darasa la nne la shule ya nyuma. Miezi mitatu walikuwa wakiletwa na mwalimu wa hesabu. Siku hiyo mwalimu wa hesabu alikuwa na harusi ya dada yake, na aliyesimama nyuma ya mstari, shati halijapigwa pasi, alikuwa Wagdi.

Rawya alisimulia. Hakupunguza wala hakuongeza. Alipofika kwenye mkate, msichana mmoja mwenye misuko miwili ya nywele akainua mkono.

"Nani alimpa?"

Umm Sabri, kwenye kigari chake, aliacha kutafuna.

Jibu la kibao lilikuwa tayari ulimini. Hata lingine lilikuwepo, tamu zaidi: geukeni nyuma, watoto, mtazameni. Wagdi alilijua. Alikuwa amelitegemea, uso wake umetulia kama mtu aliyekwisha kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno.

"Karatasi ya kumpeleka nilitia sahihi mimi," Rawya alisema. "Nilijua hamwogopi mtu, nikaandika anaogopa."

Ndege mmoja tu aliendelea kuimba, hana habari.

"Na mkate," Wagdi alisema kutoka nyuma, "nilimpa mimi. Kila asubuhi, kupitia waya wa shule yetu. Nilidhani ni wema."

Vichwa thelathini viligeuka kwake, vikarudi kwa Rawya, vikaenda tena. Msichana wa misuko miwili alifikiri, paji la uso limekunjamana.

"Sasa mmeshaadhibiwa?"

Rawya akamtazama Wagdi. Wagdi akatazama viatu vyake.

"Bado inaendelea, mwanangu," Rawya alisema. "Haya, twende kwa viboko."

Saa ya kuondoka Wagdi aliwahesabu watoto langoni mara mbili, mara ya tatu hakukuwa na haja, akahesabu tena. Kisha akamwendea Rawya, akasimama mbali kidogo.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe pasi imeharibika?"

"Sina wa kumvalia." Akakwaruza kidevu. "Ungenitaja peke yangu, nisingekulaumu."

"Najua."

"Naweza kukupigia simu, Rawya?"

"Kupiga unaweza."

"Utapokea?"

Rawya alifungua mdomo aseme ndiyo. Nyuma ya bega la Wagdi swala wadogo wa mwaka ule walikuwa wamekaribia waya, watatu, wakinyoosha shingo kuelekea kelele za watoto. Mtunzaji mpya, maskini, hakuwa na mkono mzito wa sufuria.

"Hapana," alisema.

"Basi nitapiga," Wagdi alisema, akaondoka na watoto wake.

Akapiga kila Jumatano jioni, mwaka ule na uliofuata, hata baada ya mama yake kumwozesha binti mmoja mpole wa Tanta anayepika vizuri. Rawya hakuwahi kupokea. Wala hakuwahi kuikata simu. Aliiweka mezani mbele yake, akakaa na mikono mapajani, akaiacha ilie mpaka ichoke yenyewe.